SAMAKI WA BARIDI ALIYETUGOMBANISHA



Ndugu wasomaji, sisi wanafunzi wa hapa Kumsenga bahari tunaisikia tu. Samaki tunaowajua ni dagaa na migebuka kutoka Kigoma. Ndiyo maana mwenzetu aliporudi kutoka kwa mjomba wake Tanga akatuhadithia habari za silikanti, tulimcheka. Alisema ni samaki mrefu kama mtu, anapenda maji ya baridi, tena hatagi bali huzaa watoto. Tukamwita muongo. Tanga kuna joto, baridi itoke wapi? Siku kadhaa hatukukaa naye jamvi moja.

Ustadhi alipopata habari alituuliza swali moja: "Mmethibitisha?" Tukanyamaza. Baada ya darsa akatueleza.

Kumbe jua hupasha moto maji ya juu tu. Chini, mita 100 na zaidi, maji hupoa, na humo ndimo silikanti anamoishi. Mchana hujificha mapangoni, usiku hutoka kuwinda. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya joto, na silikanti anaihitaji. Akivutwa juu hukosa pumzi, na kwa kawaida hufa baada ya saa chache. Mapezi yake huenda kwa zamu kama miguu ya mtu atembeaye. Mayai yake, makubwa kama chungwa, huanguliwa tumboni. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kuwa mimba yake huchukua miaka 5, na umri wake hufika karibu miaka 100. Subhanallah! Hapo tulishika vichwa.

Wataalamu walimjua kwenye mawe tu, wakidhani ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tukajifariji kwamba hata wao walikosea. Ustadhi hakucheka. Alisema wao hawakumwita ndugu yao muongo.

Huko Tanga, kuanzia mwaka 2004, silikanti wengi walinaswa katika jarife zilizotegewa papa. Wanakufa bure, maana nyama yake ina mafuta mengi na haifai kuliwa. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Jioni ile tulimwendea mwenzetu kumtaka radhi. Alitusamehe kwa sharti moja: tukae tusikilize habari za nguva anayenyonyesha, tulizomkatisha siku ile.