Wa Goshini na wa Demani

Jumanne, 10 Septemba 2024
Tarehe kumi. Hakuna aliyeitaja. Mwenzangu kaamka na kimya chake cha kila mwaka, kapika uji, kawapeleka watoto skuli. Redio nimeizima mapema, kabla hawajaanza dua za waliozama na meli ya Spice Islander. Miaka 13. Wenye umri wa mtoto wangu mkubwa hawaikumbuki hata meli yenyewe.

Kaniambia neno moja tu: "Leo usiniletee habari za misumari."

Sawa. Leo siendi pwani kwenye mashua.

(Nimekwenda. Kidogo, baada ya alasiri. Nimeishika tu nikarudi.)

Ijumaa, 13 Septemba
Ami fundi kaizunguka mashua na nyundo yake ndogo, anagonga, anatega sikio. Mbao nzima inalia. Mbovu haijibu kitu. Kagonga, kaguna, kapiga alama ya mkaa. Kagonga, kaguna. Mimi nyuma yake nahesabu alama na moyo unakwenda mbio, maana kila mguno una bei yake.

Mbao tatu za chini zote nje. Mataruma mawili nje. Fashini ya tezi ana shaka nayo. Mkuku mzima, alhamdulillahi. Ungekuwa umeoza ningempa panga aukate kuni, yaishe.

Marehemu aliyekuwa na mashua hii alikuwa akisema mkuku huu ni mvule wa msitu wa Ngezi. Siku hizi Ngezi hakukatwi mti, na mimi nafurahi kwa hilo mpaka nikumbuke kwamba mbao zangu zitatoka Tanga. Mninga ukishavuka maji hauulizwi bei ukiwa umesimama.

Jumatatu, 16 Septemba
Maulidi. Tumekula kwa Bi Mkubwa, mama mkwe. Mbele ya watu wote kauliza: "Sasa hiyo safari ya Tanga lini?" Dada yake yuko Tanga, hawajaonana muda mrefu. Akaanza yale ya zamani: walipanda jahazi Wete usiku, matlai ikawasukuma, asubuhi wanaiona Tanga, na mbuzi wamo humo humo chomboni. Watoto wanacheka. Mwenzangu anatazama sahani yake.

Nani kamwambia Bi Mkubwa habari ya Tanga? Mimi nilisema tutakwenda kisiwani Fundo. Nilisema Fundo tu!

Jumapili, 22 Septemba
Mataruma yamepatikana. Mtondoo, umeota umepinda wenyewe kule ufukoni, kama uliumbwa kwa ajili ya ubavu wa mashua. Ami anasema usithubutu kuchonga taruma kwenye mti ulionyooka: tezo inakata nyuzi, na nyuzi zikikatwa mbao inangoja wimbi tu ipasuke. Kaukadiria mtondoo kwa jicho, kachonga, kaupachika. Umekaa. Sikuona futi wala penseli. Nimebaki natabasamu peke yangu mpaka magharibi.

Jumamosi, 28 Septemba
Kalafati. Siku nzima ko-ko-ko, pamba iliyolowa sifa, yale mafuta ya papa, inashindiliwa kwenye mianya. Mikono inanuka sifa, chai inanuka sifa, hata mto wa kulalia.

Halafu kaja. Bila kuniambia. Kavua viatu, kajipenyeza baina ya magadi, kaingia ndani ya mashua akainama upande ambao ami hajaufikia. Mimi niko nje namsikia tu.

"Naliona jua."

Nikamweleza: mbao imekaa juani miaka, imekauka, imesinyaa. Ikiingia baharini inakunywa, inavimba, inabana.

"Yaani mpaka iingie maji kwanza ndiyo isiingie maji?"

Ami kaacha nyundo. Kacheka mpaka kakohoa. "Umemuoa mwanasheria wewe."

Yeye hakucheka. Lakini alikuja. Viatu mkononi.

Alhamisi, 3 Oktoba
Karafuu zimekauka, nimezipeleka kituo cha ununuzi cha ZSTC, fedha zimelala mfukoni usiku mmoja tu. Asubuhi zimekuwa maradufu ya tanga. Mshonaji anataka nusu mbele. Foromali ya zamani ina ufa, ami anasema itafaa ikifungwa kamba vizuri. Simwamini. Nanunua mpya. Kwa fedha zipi? Sijui. Karafuu za vuli bado ziko juu ya mti.

Jumatano, 9 Oktoba
Kaandika masharti. Kweli kaandika, nyuma ya daftari la hesabu la mtoto:

mashine ndogo ya akiba
jaketi okozi kila mtu, na za watoto ziwe za watoto
mashua ikakaguliwe na watu wa Mamlaka ya Usafiri Baharini
watu wanane. Hata akija nani.

Hilo la mwisho kalipigia mstari mara mbili. Ile meli iliyozama ilijazwa, kila mtu Pemba anajua ilijazwa. Sikubishana. Marehemu alikuwa akipakia kumi na tano na magunia ya mihogo, lakini hilo halitatoka kinywani mwangu.

Duka moja la Unguja limeniletea jaketi nne za "watoto". Mdogo kavaa, kapotea ndani. Zimerudi na boti ya jioni.

Jumamosi, 12 Oktoba
Shahamu na chokaa, chungu kizima, tumepaka chini yote. Harufu yake naiacha isiandikwe.

Ijumaa, 18 Oktoba
Imeshuliwa!

Jana mwezi mpevu, mkubwa ajabu, na leo bamvua la haja. Baada ya Ijumaa dua, ubani, halua. Saa kumi maji yamefika kwenye magadi na wanaume wamejipanga ubavuni, wengine siwajui hata majina, wamefuata sauti tu. Haraambee ya kwanza haikwenda. Ya pili ikaguna. Ya tatu ikateleza yenyewe na ami akaangukia kifudifudi kwenye maji huku anacheka.

Sasa ni usiku wa manane, niko ndani yake, na upo wa kufulia maji mkononi. Inavuja kila mahali. Nafua, inajaa, nafua. Ami kalala kwenye shetri kajifunika shuka. "Iache inywe," kasema, akaanza kukoroma.

Jumatatu, 21 Oktoba
Kaniuliza kabla sijavua kofia.
"Bado inavuja?"
"Kikombe tu."
"Cha chai au cha kahawa?"
"Cha kahawa."
Kanitazama sana. Kaniletea chakula.

(Cha chai. Lakini kesho kitakuwa cha kahawa.)

Jumapili, 27 Oktoba
Fundo na kurudi: mimi, ami, mkubwa wangu. Kwenda, matlai nyuma, tanga limejaa, hakuna wa kusema neno. Kurudi ndiyo kazi. Kubisha na kubisha, kila tukipindua foromali inapitishwa upande wa pili wa mlingoti, na kijana anakimbia na goshi hajui kamba ipi ni ipi. Mara ya mwisho alijua. Ami kampa usukani mpaka bandarini. Mama yake alikuwa kasimama pale. Kijana kajifanya hamuoni.

Jumamosi, 2 Novemba
Kesho alfajiri, maji yakijaa. Fundo kwanza; tukilala salama, kisiwani Misali; Tanga "tutaona". Neno lake hilo.

Yeye ndiye aliyepanga watu. Wakubwa wawili goshini, upande upepo utokako, wawe uzito. Wadogo katikati, karibu yake. Bi Mkubwa chini ya turubai la kivuli, mgongo kwenye mlingoti. Mizigo demani. Ami mbele, mimi usukani. Wanane kamili.

Jirani kaja kuuliza kama pana nafasi ya kitukuu wake mmoja. Nimefungua kinywa. Yeye kanitangulia mlangoni: "Chombo kimejaa, dada."

Saa mbili usiku Bi Mkubwa kateremka kwenye bajaji, na kamba mkononi. Mwisho wa kamba, mbuzi.

"Wa dada yangu."

"Mama, huyo ni wa tisa."