Jarida lililowapa watoto nafasi ya kuandika

Katika semina ya isimujamii tuliombwa kuchunguza kikundi chochote chenye msamiati wake. Wenzangu walichagua wauzaji wa soko na madereva wa teksi. Mimi nilichagua Crash, jarida la michezo ya kompyuta lililokufa Uingereza kabla sijazaliwa. Mwalimu mmoja akauliza: jambo hili linahusu nini idara ya lugha za Kiafrika? Swali lake ni la haki, nami nalijibu hapa.

Crash lilianza mwanzoni mwa 1984 huko Ludlow, mji mdogo karibu na mpaka wa Wales. Roger Kean pamoja na ndugu wawili, Oliver na Franco Frey, walikuwa wakiuza michezo kwa njia ya posta, na orodha yao ya bidhaa ikageuka jarida. Liliwalenga wenye ZX Spectrum, kompyuta ndogo iliyotoka 1982, ambayo iliunganishwa na televisheni ya nyumbani na kupokea michezo kutoka kaseti za kawaida.

Wahakiki wengine walikuwa vijana waliotoka shule ya pale mjini. Kila mchezo ulipewa maoni ya watu watatu, nayo yalichapwa hata yalipopingana. Uliopata alama 90 kwa mia au zaidi uliitwa "Crash Smash", na msomaji hakuhitaji maelezo. Barua zilijibiwa na Lloyd Mangram, mtu asiyekuwepo: lilikuwa jina la kubuni la wahariri. Wasomaji walibishana naye mwezi kwa mwezi, kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1986 mauzo yalipita nakala 100,000 kwa mwezi.

Kisha mashine ikazeeka. Vijana walihamia Amiga, Atari ST, na mashine za Sega na Nintendo. Jarida lilikonda, kaseti ya bure iliyobandikwa kwenye jalada ikawa na mvuto kuliko kurasa zenyewe. Kampuni ya Newsfield iliyolichapa ilianguka 1991. Kampuni nyingine ililichukua, lakini toleo la Aprili 1992, namba 98, likawa la mwisho.

Kwa mwanaisimu, hata hivyo, anguko hilo halikufuta kitu. Nikifungua matoleo yale leo, ninaweza kuonyesha neno fulani la wachezaji limeingia mwezi gani, na nani alilipinga. Jarida la biashara, bila kukusudia, limeacha hazina ya lugha ya vijana yenye tarehe.

Sasa nisikilize watoto wa mtaa wetu hapa Lubumbashi, wamezunguka simu moja: "Niko ku nivo ya tano, nimebakia na vi moya." Katika sentensi hiyo fupi mna Kiswahili chetu na Kifaransa kilichokwisha kuvaa sauti za kwetu. Wanasarufi wangepata kazi ya wiki nzima. Lakini hakuna ukurasa unaoipokea. Simu ile itaharibika, mchezo utasahaulika, na maneno yataondoka bila tarehe.

Ndiyo maana naona swali la mwalimu linahusu idara yetu kabisa. Naomba wahariri wa jarida hili watenge ukurasa mmoja katika kila toleo, waalike wanafunzi wa sekondari waandike juu ya michezo wanayoicheza, nasi tusiwasahihishe.