Baiskeli moja, watu wawili, kisiwa kisicho na magari

Katika Ziwa Huron, jimbo la Michigan nchini Marekani, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Mackinac. Jina hilo wenyeji hulitamka “Makino”. Magari yalipigwa marufuku kijijini hapo mwaka 1898, baada ya yale ya mwanzo kuwashtua farasi. Mpaka leo, ukiacha magari machache ya dharura, mizigo na wageni hubebwa na magari ya kukokotwa na farasi. Asiyetaka farasi hutembea kwa miguu au hukodi baiskeli.

Barabara ya M-185 inazunguka kisiwa kizima kando ya maji, kama kilomita 13, na karibu yote ni tambarare. Ndiyo maana wanandoa wengi wanaoshuka kwenye boti huchagua baiskeli ya watu wawili. Wanadhani itakuwa mchezo. Mita 100 za kwanza huwafundisha vingine.

Baiskeli hii ina viti viwili, lakini usukani wa kweli ni mmoja. Wa mbele ndiye nahodha: ameshika usukani, breki na gia. Wa nyuma hana breki wala hawezi kukata kona, na mbele yake anaona mgongo wa mwenzake tu. Pedali zao zimeunganishwa kwa mnyororo, kwa hiyo mmoja akiacha kuzungusha, miguu ya mwingine nayo inasimama. Mmoja akiongeza kasi, mwenzake hana budi kwenda naye.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa inaonekana wazi. Wa nyuma akijaribu kupinda kwa kuegemeza mwili upande autakao, baiskeli inayumba. Lakini nahodha asiyesema naye ana hatari yake. Akikanyaga shimo bila kutoa taarifa, anayeumia mgongo ni wa nyuma. Akifunga breki ghafla, wa nyuma anamgonga mgongoni. Kwa hiyo waliozoea husemezana njia nzima: “Shimo.” “Nabadilisha gia.” “Tunapumzika.” Wa nyuma naye hujibu, hutazama nyuma, na hunyoosha mkono kuonyesha wanakokata.

Hata kuondoka kuna utaratibu. Nahodha husimama akiwa ameweka miguu yote miwili chini na kushika breki. Wa nyuma hupanda kwanza na kuweka miguu kwenye pedali. Wanahesabu hadi tatu, kisha wanaondoka pamoja. Kwenye tambarare watashangaa mwendo wao, maana miguu minne inapambana na upepo wa mtu mmoja. Mlimani baiskeli ni nzito, na hapo ndipo lawama huanza: “Mbona husukumi?” Mara nyingi anayelaumiwa anasukuma, ila mwenzake hamwoni.

Njiani wapo wanaosimama Arch Rock, tao la mawe lililochongwa na maji na upepo juu ya barabara. Upande wa pili wa kisiwa ni British Landing, walikoshukia askari wa Kiingereza mwaka 1812. Ni mahali pazuri pa kunywa maji na kubadilishana viti, kama vimo vyao vinakaribiana. Wengi waliolalamika wakiwa nyuma huelewa mzigo wa nahodha baada ya dakika kumi mbele, na aliyekuwa nahodha huelewa ilivyo kukimbizwa bila kuona njia.

Kwa watu wengine, kiti cha nyuma ndiyo njia pekee ya kuendesha. Katika michezo ya Paralimpiki, waendeshaji wasioona hukaa nyuma na mwenye kuona hukaa mbele. Mkenya Douglas Sidialo, aliyepoteza uwezo wa kuona katika shambulio la bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, alisafiri kwa baiskeli ya aina hii kutoka Cairo hadi Cape Town. Macho yalikuwa ya mwenzake, lakini miguu iliyosukuma ilikuwa minne.

Mzazi anayetaka kumpandisha mtoto nyuma ahakikishe kwanza miguu yake inafika kwenye pedali na kofia ngumu imemkaa sawa. Kisha amweleze kila kitu kabla hakijatokea: kona, shimo, breki. Mtoto aliye nyuma haoni mbele. Anachojua ni kile tu mzazi wake anachomwambia.