Jalada Lililonuka Amonia

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kijana wa ubunifu majengo aliyetaka kwenda kusoma shahada ya uzamili ng'ambo alijulikana kabla hajasema neno. Begani alining'iniza bomba la plastiki lililozibwa ncha zote mbili, ndani yake michoro imeviringishwa. Kwapani alikuwa na jalada la hadibodi, pana kuliko kifua chake, limefungwa kwa kamba za viatu. Kwenye basi la Morogoro kwenda Turiani konda alitaka jalada lipande keria pamoja na magunia na matenga ya kuku, mwenyewe akakataa, akalipakata kama mama aliyepakata mtoto mwenye homa, akala vumbi la njia ya Magole mpaka Madizini. Siku hizi jalada liko ndani ya simu. Na barabara ya Magole ina lami.

Nilikuwa mmoja wa vijana hao. Kazi ilianzia Dar es Salaam, Chuo cha Ardhi, kwenye meza ambazo T-skwea zilikuwa zimezisugua mpaka kingo zikang'aa. Tulichora kwa kalamu za Rotring juu ya karatasi ya treisi, na kila asubuhi ilibidi uitikise kalamu karibu na sikio, usikie kisindano chake kikigonga ndani, ndipo ujue wino haujaganda. Mstari uliokosewa ulikwanguliwa kwa wembe, taratibu, kisha pale palipokwanguliwa pakasuguliwa kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Mchoro ukikamilika ulipitishwa kwenye mashine ya amonia, ikatoka nakala mbichi yenye mistari ya buluu, na ile harufu ya kuwasha macho ikakaa kwenye shati hata baada ya kufuliwa. Sasa mstari unafutwa kwa kidole. Hakuna kinachonuka.

Jalada la mwombaji halikujazwa kazi za darasani peke yake. Wakufunzi walitutaka turudi kwetu, tuchague jengo, tulipime na kulichora. Kwa hiyo likizo nilishinda kwenye nyumba ya bibi upande wa Mhonda, nyumba ya nguzo, fito na udongo uliokandikwa kwa mikono, paa lake la nyasi likishuka chini hata ukainama kuingia. Ndani, juu ya mafiga, kulikuwa na uchanja wa mahindi ya mbegu, na moshi uliopanda hapo uliyakinga mahindi na fukusi, ukaendelea juu kuzikausha nyasi zisiliwe na wadudu. Watoto walinishikia ncha ya futi kamba. Katika kupima ndipo nilipojua kwamba mlango wa jiko ulielekezwa upande ule ili upepo unaoshuka kutoka milima ya Nguru usiurudishe moshi ndani. Nilikuwa nimeupita mlango huo maisha yangu yote, lakini sababu yake niliiona siku niliyoandika upana wake kwenye daftari.

Usiku nilichora kwa kandili. Masika karatasi ya treisi ilikunywa unyevu, ikajikunja, na vipimo vya jioni vikakataa kulingana na vya asubuhi. Kiangazi, miwa ya kiwanda cha sukari cha Mtibwa ilipochomwa kabla ya kuvunwa, masizi yalielea mpaka mezani, vipande vyeusi vyepesi ambavyo ukivifuta kwa kiganja vinachafua mchoro wote, ukivipuliza vinaondoka. Masizi bado yanaanguka. Kioo cha kompyuta hupanguswa kwa kitambaa.

Kisha kulikuwa na safari ya jalada lenyewe. Karatasi kubwa zilipunguzwa kwa fotokopi hadi zikaingia kwenye bahasha, modeli za kadibodi zikapigwa picha juani, mkanda ukapelekwa studio kusafishwa na slaidi zikapangwa kwenye visanduku vidogo. Bahasha ilipimwa Posta, ikabandikwa stempu mstari kwa mstari, ikasajiliwa, na kuanzia hapo mtu alikuwa mikononi mwa ndege na makarani. Chuo kilitupa stashahada ya juu, wala si shahada, na vyuo vya ng'ambo vilihitaji maelezo marefu kuelewa thamani yake. Michoro ndiyo iliyotusemea. Majibu yalikuja kwa S.L.P. ya mtu mwingine, ya misheni au ya kiwandani, na aliyeipokea barua aliituma kwa yeyote anayepita. Sasa jibu linakuja kwa barua pepe, mara nyingine usiku wa manane.

Waliotutangulia walipita njia nyembamba zaidi. Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938, alikwenda kusomea fani hii Technion, Haifa, siku ambazo hapa kwetu hapakuwa na chuo cha kuifundisha, akarudi na kutuachia Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, na miavuli yake ya zege. Kwa mwanafunzi aliyetoka shamba, kusimama chini ya ile miavuli na kujua kwamba Mtanzania ndiye aliyeichora kulitosha kumrudisha mezani. Soko hilo lilipoungua Julai 2021, wazo langu la kwanza lilikuwa juu ya michoro ya awali: iko wapi, na nani anaitunza?

Chuo cha Ardhi kiliingia chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Mpwa wangu amehitimu hapo. Kwetu ukoo hufuata mama, na mtoto wa dada ni dhamana ya mjomba, kwa hiyo alipoanza kuandaa maombi ya shahada ya uzamili alikuja Turiani na kompyuta yake mgongoni.

"Shikamoo mjomba. Naomba uniangalizie mpangilio wa kurasa."

"Marahaba mwanangu. Hili jengo liko wapi?"

"Mkindo. Ni ghala la mpunga la wakulima."

Nililitazama kwa muda mrefu. Jengo lilikuwa zuri, madirisha yamewekwa vizuri kwa ajili ya hewa, lakini jua lililoliangaza lilikuwa la chini, la nchi za kaskazini, miti ilikuwa imepukutisha majani, na watu waliopita mbele ya ghala walivaa makoti mazito. Programu huja na miti yake, watu wake na mawingu yake, na kijana mwenye haraka huyachukua yalivyo. Hapo ndipo penye hasara ninayoiona. Mkono uliochora ulilazimika kuuangalia mwembe kwanza. Sasa mti unachaguliwa kwenye orodha. Majalada ya vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala yanaanza kufanana, yote yanang'aa, na huwezi kujua mwenyewe ametoka wapi. Siku hizi akili mnemba inatoa picha ya jengo ambalo hakuna aliyelipima. Mkaguzi ana haki ya kuuliza: wewe umefanya nini hapa?

Lakini faida ni kubwa, na ni haki kuisema kwa sauti. Mwenzangu mmoja wa darasani, aliyekuwa na mkono bora kuliko wetu sote, hakutuma maombi kwa sababu alishindwa gharama ya slaidi na Posta. Leo asingekwama hapo. Binti wa Turiani anatuma kazi yake kwa bando la simu, anairekebisha mpaka saa ya mwisho, anaona majalada ya waliokubaliwa mwaka uliopita, na anatafuta ufadhili kama ule wa shirika la Ujerumani la DAAD bila kumwomba mtu wa mjini amletee fomu. Anaweza pia kuitazama shule ya Gando, Burkina Faso, iliyomalizika mwaka 2001 kwa kazi ya Francis Kéré na wanakijiji wenzake. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker ya ubunifu majengo. Matofali ya shule ile ni ya udongo. Kizazi chetu hakikuwa na mfano wa namna hiyo wa kuufungua usiku na kuuchunguza ukuta kwa ukuta.

Tena vyuo vingi sasa vinataka kuona njia ya kufikiri: rasimu za kwanza, modeli iliyovunjwa, kurasa za daftari lenye michirizi. Mpwa wangu alitoa watu wa makoti, akaenda Mkindo na futi kamba, akawachora wanawake wakianika mpunga kwenye maturubai, akaipiga picha michoro hiyo kwa simu na kuiweka kabla ya ile inayong'aa. Ghala likabadilika: akaongeza baraza, kwa sababu aliona mpunga unavyokimbizwa mvua inapoanza. Kompyuta ilimsaidia kulichora baraza lile haraka, lakini haja yake aliiona kwa kusimama pale. Nimeridhika kwamba vyote viwili vinaweza kukaa kwenye faili moja.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ya kalamu ni majengo yenyewe. Nyumba ya bibi haipo. Pale pamesimama nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, imara, haivuji, na ndugu zangu wanalala humo kwa amani, ingawa mchana bati linachoma na uchanja hauna mahali pake. Kilichobaki cha nyumba ya kale ni michoro yangu ya likizo, ambayo mchwa wameshaanza kuila pembeni. Ndani ya wilaya yetu hii hii ya Mvomero tuna misheni ya Mhonda, iliyoanzishwa mwaka 1877, na tuna Dakawa, ambako wapigania uhuru wa Afrika Kusini walijenga makazi yao miaka ya 1980. Kijana wa hapa anapofungua ukurasa mweupe na kulalamika kwamba hana cha kuonyesha, ajue kwamba amezungukwa na vya kuonyesha.

Basi, ninyi mnaoandaa majalada msimu huu: tumieni programu zote mnazoziweza, lakini kabla ya hapo nendeni mkapime nyumba moja ya kwenu, ya udongo au ya zege, mwulizeni aliyeijenga kwa nini aliijenga hivyo, andikeni jina lake na tarehe, na mziweke kurasa hizo mwanzoni. Nanyi wenzangu mlio na mabomba ya michoro darini, yatoeni yapigwe picha mwaka huu, kabla ya masika.