Mapenzi Yanayoogopa Mwenzako Apone

Katika filamu ya Kifaransa *Les Amants du Pont-Neuf*, iliyotoka mwaka 1991, kuna usiku mmoja ambao kila aliyeitazama lazima ausimulie. Paris inasherehekea miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa, fataki zinapasuka kila upande, na katikati ya mto Seine mwanamke anateleza juu ya maji akivutwa na boti ya wizi. Anayeiendesha ni mpenzi wake. Wote wawili hawana pa kulala ila kwenye daraja la Pont-Neuf, lakini usiku huo jiji zima ni lao. Ili kuipata picha hiyo, mwongozaji Leos Carax alilazimika kujenga daraja la kuigiza kusini mwa Ufaransa, karibu na Montpellier, baada ya kibali cha kutumia daraja lenyewe kwisha muda.

Fataki hizo ni nzuri mno. Hata hivyo, kilichonikaa moyoni ni mabango.

Michèle, anayeigizwa na Juliette Binoche, ni mchoraji anayepoteza uwezo wa kuona. Alex, yaani Denis Lavant, hutema moto barabarani apate vijisenti, na bila dawa hapati usingizi. Kwamba anampenda Michèle sina shaka hata chembe. Basi siku moja mabango yenye picha ya Michèle yanatapakaa mjini: familia yake inamtafuta, tiba ya macho imepatikana. Alex anayachoma. Anapita kwenye njia za treni ya chini ya ardhi akiwasha bango moja baada ya jingine, na ule uso anaoupenda unakunjamana na kuwa majivu ukutani. Kisha analichoma gari la mbandika mabango, na moto unamshika mtu huyo, anakufa.

Nimewaona akina Alex wengi wasioshika kiberiti. Mume anamuuguza mkewe kwa subira ya ajabu, lakini mke akipona na kufungua duka, nyumba haikaliki. Rafiki yuko nawe wakati wa njaa, ukipata kazi hapokei simu. Huruma yao haikuwa ya uongo. Ilitaka tu tuendelee kuwa chini, maana wanahofia kwamba tukisimama tutaondoka. Hofu hiyo ninaielewa, na bado naiona ni ya hatari kuliko chuki, kwa kuwa inakuja na uji mkononi.

Katika filamu hiyo Hans, anayelala nao darajani, ni mtu wa aina nyingine. Huyu mzee mkali anaanza kwa kumfukuza Michèle darajani. Lakini aliwahi kuwa mlinzi na funguo bado anazo, hivyo usiku anamwingiza katika makumbusho ya Louvre. Kwa mwanga wa mshumaa, Michèle anausogeza uso karibu kabisa na picha ya Rembrandt na kuipitia kidogo kidogo, kwa macho yaliyobaki. Hans hamtaki abaki.

Michèle anaisikia redioni habari ya tiba, anaondoka, anapona. Alex anafungwa jela. Wanakutana tena darajani wakati wa Krismasi, na safari hii Michèle anamwona Alex alivyo, na amekuja kwa hiari yake. Hayo ndiyo mapenzi ninayoyaamini katika filamu hii, na kuyafikia kumegharimu uhai wa mtu aliyekuwa kazini akibandika karatasi.