Kutoka baridi ya Ilembula hadi visiwa vya Mafia: Safari haiishi mkifika nyumbani

Ilembula iko mbali na bahari, lakini maji yake huko ndiko yanakokwenda. Vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Kipengere, wilayani Wanging'ombe, huteremkia bonde la Usangu, huingia Ruaha Mkuu, hupita mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha huungana na Rufiji. Mwisho wa Rufiji ni delta yenye msitu wa mikoko, na ng'ambo ya delta hiyo ndipo vilipo visiwa vya Mafia.

Watu wengi husema Mafia kana kwamba ni kisiwa kimoja. Ukweli ni kundi la visiwa: Mafia chenyewe ndicho kikubwa, na kando yake vipo Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vingine vidogo. Familia mbili au tatu za marafiki, zikichanga kidogo kidogo kwenye kikoba, zinaweza kuvizunguka kwa siku nne au tano wakati wa likizo. Haihitajiki meli ya kifahari, mashua ya kukodi inatosha. Kinachohitaji maandalizi zaidi ni afya ya watoto, kwa kuwa wanatoka penye baridi na mbu wachache kwenda penye joto na mbu wengi.

Juni au Desemba?

Shule zikifungwa Juni, Njombe huwa kwenye baridi kali na wazazi hutamani joto la Pwani. Lakini miezi hiyo upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Kuanzia Desemba upepo wa kaskazi huingia, na bahari kwa kawaida huwa tulivu zaidi. Isitoshe, kati ya Oktoba na Machi ndipo papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Huyo ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita urefu wa mita 10, lakini chakula chake ni viumbe vidogo sana anavyochuja majini. Hali binadamu.

Njiani

Makambako iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Basi la Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 600, na mabadiliko ya hewa huanza kusikika mapema. Baada ya kuteremka Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu vya kuuzwa barabarani, masweta huvuliwa. Kuanzia hapo watoto wapewe maji mara kwa mara, hata wasipoomba.

Kutoka Dar es Salaam, familia hupitia Mkuranga hadi Bungu, kisha hukata kushoto kwenda Nyamisati. Hapo ndipo vyombo vya Mafia hupakia. Chombo hupita kwanza kwenye mkondo wenye mikoko pande zote mbili, halafu bahari hufunguka. Mtoto anayetapika kwenye basi huenda akatapika na humu, hivyo ale chakula chepesi, akae penye hewa na atazame mbali.

Kabla ya kupanda, mzazi aulize jambo moja: jaketi okozi la mtoto liko wapi? La mtu mzima huchomoka kwa mtoto wa miaka minne. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011 vilizama vikiwa vimejaza kupita kiasi. Chombo kilichojaa kinaachwa kiende, hata kama nauli imeshalipwa.

Kisiwa hadi kisiwa

Kutoka Kilindoni, gari huvuka kisiwa hadi Utende, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Ilianzishwa mwaka 1995, na ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania. Mbele ya Utende kuna ghuba ya Chole, na ng'ambo yake, kwa safari fupi ya mashua, kiko kisiwa cha Chole.

Chole hakuna magari. Watoto wanaweza kukimbia njiani bila kuitwa kila dakika. Kuna magofu yaliyofunikwa na mizizi ya miti, mabaki ya siku ambazo mji mkuu wa Mafia ulikuwa hapo, kabla Wajerumani hawajauhamishia Kilindoni mwaka 1913. Juu ya miti mikubwa wananing'inia popo wakubwa walao matunda. Watazamwe kwa mbali, na tunda lililong'atwa lisiokotwe.

Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagascar karne ya 19, na fukwe ambako kasa hutaga mayai. Jibondo kuna mafundi wanaounda majahazi kwa zana za mkono. Nahodha ndiye anayeamua saa ya kwenda, kwa kuangalia maji kujaa na kupwa. Watoto wavae yeboyebo wakiingia majini, maana matumbawe hukata.

Jioni

Jua likizama, kazi ya mzazi huanza upya. Mkoa wa Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo kabisa ya malaria nchini. Hiyo ni heri, lakini ina upande wa pili. Mtu anayeishi kwenye malaria tangu utotoni hujenga kinga kiasi, ingawa haimzuii kabisa kuugua. Mtoto wa Ilembula hana kinga hiyo, au anayo kidogo sana, na mama na baba yake vilevile. Mbu mmoja anaweza kuwaangusha wote.

Kwa hiyo, wiki kadhaa kabla ya safari, familia ipite kituo cha afya. Daktari anaweza kushauri dawa za kuzuia malaria, ambazo huanza kumezwa kabla ya kuondoka na huendelea baada ya kurudi. Ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Mama mjamzito aombe ushauri wake peke yake, na kama safari inaweza kusubiri, isubiri. Kwenye begi kuwe na chandarua chenye dawa, nguo za mikono mirefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Anayemeza dawa kila siku, ziwe za presha, kisukari, kifafa au ARV, abebe na za ziada, kwani upepo ukichafuka chombo hakiondoki.

Homa ya wiki mbili baadaye

Malaria haiji siku mbu alipouma. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku ya saba na wiki mbili, wakati mwingine baadaye zaidi. Wakati huo familia imesharudi Ilembula, sweta zimerudi mwilini na picha za papa potwe zimeshatumwa kwa bibi. Mtoto akichemka, nyumbani watasema ni mafua ya kubadili hali ya hewa. Atapewa panadol, homa itashuka usiku, na asubuhi itarudi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kwa mtoto asiye na kinga, malaria inaweza kuwa kali ndani ya siku moja. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea au akihema haraka, hakuna kusubiri kukuche.

Mhudumu wa afya anayeona malaria mara chache huenda akafikiria nimonia kwanza. Mzazi amsaidie kwa sentensi moja kabla hajaulizwa: tulikuwa Mafia wiki mbili zilizopita. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidoleni na jibu hupatikana ndani ya nusu saa. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto kwa siku tatu, na dozi humalizwa hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya pili.

Kisha marafiki waliosafiri pamoja wapigiane simu. Homa ya mtoto mmoja ni taarifa kwa wazazi wote waliolala kisiwa kimoja.