Jogoo wa Mbale na Karafuu za Konde

Aingiaye Pemba kwa boti kutoka Unguja aghalabu hushukia Mkoani, na akiwa amefika katika msimu wa karafuu, harufu humpokea kabla hajakanyaga gati. Tangu hapo hadi Chake Chake, na kutoka Chake Chake kwenda Wete na Konde, ni nadra kupita nyumba ambayo uwanja wake haukutandikwa majamvi. Karafuu mbichi huanikwa zikiwa kijani chenye wekundu, na baada ya siku chache za jua kali hugeuka hudhurungi iliyokoza. Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani, ingawa wakati huo hapakuwa na mkarafuu hata mmoja. Mikarafuu ililetwa katika karne ya 19, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabaki kuwa shamba kuu.

Ndugu msomaji, mimi sikwenda Pemba kununua karafuu. Nilikwenda kulipa deni la jibu. Ami yangu, mkulima anayekaa kijijini karibu na Konde, si mbali na msitu wa Ngezi, aliwahi kunituma nimuulizie jambo moja mjini Mbale, nchini Uganda, aliposikia kwamba kazi ingenipeleka huko. Nilikwenda, nikauliza, nikajibiwa. Lakini jibu lenyewe halikuwa la kuelezwa kwa simu, na ami hapendi kuzungumza na mtu asiyemwona uso.

Nilimkuta jioni, baada ya sala ya Isha, watu wa nyumba wote wameizunguka chungu ya karafuu zilizochumwa mchana ule, wakizichambua. Kazi hii ni ya mikono tu: unakishika kishada, unakikandamiza kiganjani, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo upande ule. Kinywa hakina kazi, kwa hiyo ndicho kinachofanya mengi. Nilisalimu, nikaitikiwa, nikapewa nafasi jamvini na fungu langu la kuchambua.

"Haya," alisema ami baada ya muda. "Yule mtu alikataa kwa nini?"

Yapasa nimweleze msomaji kisa hicho. Mwaka 1979 ami alikuwa kijana katika majeshi yetu yaliyovuka mpaka kumfukuza nduli Idi Amin. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, lakini vita havikwishia hapo. Majeshi yaliendelea mashariki, kupitia Jinja, hadi Tororo na Mbale. Nje kidogo ya Mbale, chini ya milima, ami na wenzake walipumzika katika boma la mkulima mmoja aliyewapokea kwa furaha, akawapa maji na ndizi. Mkulima yule alivaa kofia ndogo. Aliwaambia kwamba hali nguruwe, na kwamba wanawe wote wametahiriwa. Ami akafurahi kumpata ndugu katika nchi ya mbali. Wakanunua jogoo, ami akamchinja kwa mkono wake, akaelekea kibla, akataja jina la Mungu. Nyama ilipoiva wakamwita mwenye boma. Akakataa. Akasema kwa upole kwamba atakula ndizi.

Katika Afrika Mashariki yote, ndugu msomaji, mkono wa Mwislamu katika kuchinja unaaminiwa na kila mtu. Mkristo huula, asiye na dini huula. Ami hakuwahi kukataliwa. Wakati wa vita dhana ni nyepesi, naye alidhani mwenyeji anamshuku kwamba ametia sumu.

"Nilimwambia maneno," alisema ami, akiangalia karafuu zake. "Nilimwambia, sisi tumeacha wazee wetu Pemba tukaja kukuondolea nduli, nawe unatuogopa kwa bakuli la mchuzi? Akainamisha kichwa. Wenzangu wakacheka. Nikamwaga fungu lake chini mbele ya watoto wake."

Kwa zaidi ya miaka 40 jambo hilo lilimkaa. Aliwahi kunisimulia mara mbili tu, na mara zote mbili aliacha sehemu ya kumwaga mchuzi. Usiku ule ndipo nilipoisikia.

Nikamwambia: yule hakuwa Mwislamu. Alikuwa mmoja wa Abayudaya, maana yake watu wa Yuda, wafuasi wa Semei Kakungulu.

"Kakungulu namjua," akadakia ami. "Mwana wa mfalme, mkubwa wa Waislamu wa Uganda."

Hapo nilicheka, kwani kosa hilo nililitarajia. Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyefariki mwaka 1991, kweli alikuwa kiongozi wa Waislamu wa Uganda, na jina lake lilijulikana pwani yote. Huyu ni mwingine. Semei Kakungulu alizaliwa yapata mwaka 1869, akabatizwa na wamisionari wa Kiprotestanti, akawa jemadari katika vita vya dini vilivyoirarua Buganda tangu 1888, ambamo Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigania kiti cha Kabaka. Kisha, akiwa na askari wake Waganda, aliwatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda ya leo. Mji wa Mbale wenyewe ulikua kutokana na makao yake. Alitumaini kwamba atatawazwa kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza walimpunguzia madaraka hatua kwa hatua, wakamhamishia Busoga awe rais wa baraza la machifu tangu 1906 hadi 1913, halafu akarudi Mbale akiwa mtu mwenye mashamba mengi na kinyongo kikubwa zaidi.

Wapo wanaosema kwamba kinyongo hicho ndicho kilichombadilisha dini. Mimi siridhiki na maelezo hayo peke yake. Watu wengi walidhulumiwa na wakoloni, wala hawakukaa usiku wakisoma Kumbukumbu la Torati. Kakungulu alijiunga kwanza na Wamalaki, kundi lililojitenga na kanisa la Kianglikana, likaheshimu Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Akawa anaisoma Biblia ya Kiganda, na kila aliposoma aliikuta tohara imeamriwa waziwazi. Waganda hawakuwa na mila hiyo. Mwaka 1919 akaamua kuitekeleza. Wamalaki wenzake wakamzuia, wakisema hilo ni jambo la Wayahudi, si la Wakristo. Jibu lake lilikuwa kwamba ikiwa ni hivyo, basi tangu siku ile yeye ni Myahudi. Akatahiriwa, naye umri wake ulikuwa yapata miaka 50, na wanawe pia.

Chungu ilikuwa imepungua. Ami aliacha kuchambua.

"Mtu haingii Uyahudi," alisema. "Mayahudi huzaliwa."

Neno hilo nimelisikia pia kutoka kwa watu waliosoma vyuo vikuu, kwa hiyo sikumlaumu. Nilimkumbusha habari aliyoisoma chuoni utotoni, ya watu wa mahandaki ya moto katika Sura ya Al-Buruj, ambayo wafasiri wengi huihusisha na mfalme wa Yemen, Dhu Nuwas. Mfalme yule alikuwa Mwarabu wa dola ya Himyar, na wafalme wa Himyar walikuwa wameielekea dini ya Kiyahudi tangu mwishoni mwa karne ya 4. Dhu Nuwas aliwaua Wakristo wa Najran mwaka 523, naye akaangushwa na majeshi ya Uhabeshi. Basi mlangoni hapo wameingia wema na waovu, wafalme na wanawake wa sinema. Marilyn Monroe aliingia mwaka 1956, Elizabeth Taylor mwaka 1959. Jina la Taylor lilimfanya ami atabasamu. Inaonekana Cleopatra yake iliwahi kuonekana hata na vijana wa Konde.

Wala Pemba yenyewe si kisiwa kisichojua watu kubadili dini. Mwaka 1897, utumwa ulipopigwa marufuku kisheria, Wakweka wa Uingereza walifungua kituo chao Banani, karibu na Chake Chake, wakawaajiri watumwa walioachwa huru katika shamba la karafuu, na Injili ikafundishwa pamoja na ujira. Tofauti ya Kakungulu ni kwamba hakuna aliyemwendea kumhubiria. Mwaka 1903 Waingereza walikuwa wamewapa viongozi wa Wayahudi wa Ulaya fikira ya kuhamia nyanda za Uasin Gishu, ng'ambo ya Mlima Elgon upande wa Kenya ya leo, lakini mpango ule ulikataliwa mwaka 1905 na hakuna Myahudi aliyefika Mbale kwa ajili yake. Kakungulu alikuwa na kitabu tu. Mwaka 1922 alitoa cha kwake, kwa Kiganda, kiasi cha kurasa 90, cha sala na kanuni kwa wafuasi wake. Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef alifika yapata mwaka 1920, akakaa miezi kama sita, akawafundisha kalenda ya sikukuu, akawaonyesha yapi waliyoyafanya bado yalikuwa ya Kikristo. Na akawafundisha kuchinja.

"Ehe," alisema ami.

Ndiyo. Tangu wakati huo Abayudaya hawali nyama isipokuwa iliyochinjwa na mtu wao aliyefunzwa. Si ya Mkristo, si ya Mwislamu. Kakungulu alifariki mwaka 1928 na kuzikwa nyumbani kwake karibu na Mbale, na baada yake wengi walirudi Ukristoni, mashamba mengi yakapotea, lakini waliobaki waliishika kanuni hiyo. Kisha mwaka 1971 Amin alitwaa serikali, akaipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa. Waliokuwa yapata 3,000 wakapungua hadi mamia machache, wengine wakiingia Uislamu au Ukristo ili wapone, wengine wakisali vyumbani usiku.

Nilipofika Nabugoye, kilima lilipo sinagogi lao kuu, niliambiwa jambo ambalo nililihakikisha katika kalenda. Jioni ya tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipoanguka, ndiyo jioni ilipoingia Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kutoka utumwani kwa Farao. Wazee wa Nabugoye wanalisimulia hilo kwa sauti ya chini. Mtu aliyempokea ami alikuwa amevaa kofia yake hadharani kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Asingeweza, wiki chache tu baada ya kufunguliwa, kukivunja kile alichokificha kwa miaka yote hiyo, hata kwa kumheshimu askari aliyemfungulia.

Ami alinyamaza kitambo. Kisha akasema, kama mtu anayedai haki yake ya mwisho, "Lakini chakula chao sisi ni halali kwetu. Mbona chetu kwao hapana?" Nikamjibu kwamba hilo ni la wanazuoni, nami si mmoja wao.

"Yu hai?"

Sikujua. Ami hakuwahi kulishika jina lake. Nilimwambia tu kwamba jamaa ile imeongezeka tena, kwamba mamia yao walipitishwa rasmi na baraza la marabi waliotoka ng'ambo mwaka 2002, na kwamba Gershom Sizomu, mjukuu wa mzee Samson Mugombe aliyeongoza baada ya Kakungulu, alipata urabi Marekani mwaka 2008 na baadaye akaingia Bunge la Uganda.

Nikamsimulia pia Jumamosi niliyoishuhudia huko. Kwetu jina lenyewe la Jumamosi ni la kuanza kuhesabu wiki, lakini kwao ndipo hesabu inapokwisha. Jua linapozama na nyota kuonekana, huiaga siku yao kwa mshumaa, divai na manukato, ambayo hupitishwa mkono kwa mkono ili kila mtu anuse harufu nzuri kabla ya kurudi kwenye taabu za kazi. Wayahudi wengi duniani hutumia karafuu kwa jambo hilo.

"Karafuu?" aliuliza ami. "Hizi?"

"Hizihizi."

Asubuhi nilipojiandaa kurudi Mkoani alinifuata hadi barabarani, akanipa kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi wa makuti. Nilimkumbusha, nusu kwa mzaha, kwamba kutoa karafuu Pemba kwa njia za panya ni kosa, na kwamba karafuu za biashara zina njia yake. Akanitazama kama anitazamavyo tangu nikiwa mtoto.

"Ukubwa wa ngumi hauwi magendo," alisema. "Wapelekee. Waambie hii haikuchinjwa na mtu."